Kipepeo Mwenye Pengo

Tangu Bi Mwanahawa avunjike nyonga, mumewe Shebe ndiye aliyekuwa macho yake. Kila asubuhi, mvua ilipoanuka, alitoka na simu kuwapiga picha vipepeo wa nyuma ya nyumba, kisha akamletea kitandani.

Lakini vipepeo hawatulii. Siku ya nne Shebe alichoka kuwakimbiza. Akaokota mmoja aliyekufa kibarazani, akambandika juu ya ua kwa tone la uji, akawa anampiga picha leo kwa mbele, kesho kwa ubavuni.

“Baba Salha, umemwona huyu?” Bi Mwanahawa aliuliza, kidole kwenye kioo cha simu. “Bawa lake la kushoto lina pengo. Juzi alikuja, jana alikuja, na leo kaja. Wanangu wa kuwazaa hawaji hivi!”

Shebe uso ulimshuka.

“Hebu ninyanyue. Nipeleke dirishani nikamshukuru.”

Akambeba, mwepesi kama kapu tupu, akaenda mwendo wa kinyonga. Siku zote alikuwa akiomba upepo utulie ili vipepeo watue. Sasa aliomba uvume, japo kidogo.

Nje, hakuna jani lililotikisika.