Klabu ya Juu, Klabu ya Bondeni

Klabu mbili za kamari mtaani kwetu zinagombea wateja, na mpira umewachosha watu. Sasa sheria inaruhusu kubetia wagonjwa. Klabu ya juu inalipa nikipona. Ya bondeni inalipa nikifa kabla ya Idi.

Hodi haziishi mlangoni. "Umeamkaje, Bi Mwanahawa?" majirani wananiuliza, macho yao kwenye miguu yangu iliyovimba. "Salama," najibu kama tulivyofunzwa, hata nikiwa hoi.

Leo asubuhi binti yangu Saumu aliniletea uji. Chini ya kanga yake niliona kadi ya uanachama ikining'inia.

"Mwanangu, umejiunga na klabu ipi?"

Aliifunika kadi, akaendelea kuukoroga uji, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Kunywa kwanza, mama."