Vitabu vya Kupigia Picha

Mgeni rasmi wa Siku ya Kusoma alipoondoka tu, Mwalimu Kihaule alianza kukusanya vitabu vipya vya maktaba ya shule. Wanafunzi walikuwa wamevishika kwa ajili ya picha. Skola, mama mzima wa darasa la jioni, hakutoa chake.

"Mwalimu, nimefika pale mtoto anapopotea. Niazime hadi kesho."

"Kitachafuka, mama. Mwakani tutapiga picha na nini?"

"Basi nimalize hata ukurasa huu."

"Wenzako wameshatoa."

Mwalimu akakivuta. Skola hakuachia. Akamwomba Mungu subira kimoyomoyo, akainama, akaendelea kusoma kwa sauti, kitabu kikiwa mikononi mwao wote wawili. Wanafunzi waliokuwa wakitoka wakasimama mlangoni.