Picha Pacha

Haya alinisimulia mke wa fundi kompyuta juzi asubuhi, tukianika nguo.

Fundi alipenda kuokota viprogramu mtandaoni kama kuku na punje. Siku moja alipata kimoja cha kufuta picha zinazojirudia, akakipa kompyuta ya nyumbani.

"Mia mbili zimefutika," alijisifu. "Sasa inapumua."

Binti yao akachungulia. "Baba, huyu ni mimi. Na huyu ni mimi. Pacha wangu yuko wapi?"

Kumbe kiprogramu kimeona sura zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, kikabakiza moja.

Fundi akatafuta mpaka kidole kikafa ganzi. Mtoto waliyemzika mwaka jana hakubaki hata ukucha.

"Basi unitazame mimi, Baba," binti akamwambia. "Si tulifanana?"

Fundi hakuweza kumtazama. Usiku huo alilala wa mwisho, ameelekea ukutani.