Majibu ya Waisiko

Daktari alimwambia Waisiko taratibu, mlango ukiwa umefungwa, kwamba mbegu zake za kiume zilikuwa chache mno. Akamshukuru kwa kukubali kupimwa kwenye utafiti wa wanaume wasiopata watoto, akampangia tarehe ya kurudi.

"Majibu haya ni yako," alisema. "Utamwambia unayetaka."

Waisiko akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka.

Kwenye benchi la nje, mkewe alikuwa amekaa na mama yake Waisiko. Walikuwa na miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, na siku hiyo mama alikuwa ametoka Nyamongo na chupa nyingine ya dawa ya mizizi.

"Kunywa," alikuwa akimwambia mkwewe. "Ukishindwa na hii, mwanangu nitamtafutia mwanamke anayezaa."

Mke aliipokea chupa kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imebabuka kwa ukali wa dawa zilizotangulia. Hakubisha, wala hakuwahi kubisha. Alifumba macho, na Waisiko akamwona akiiinua chupa mdomoni.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

Akaishika chupa, akaiondoa mikononi mwa mkewe.

"Mama, tatizo si lake," alisema. "Ni langu."

Watu wa benchi la pili waligeuka. Mama aliitazama chupa mkononi mwa mwanawe.

Mke alivuta kanga yake, akasogea kidogo, akampa mumewe nafasi ya kukaa.