Shukrani kwa Lugha ya Jirani

"Mama Marion, hiyo *kongoi* yako ni kama unafukuza kuku," Mwalimu Jelagat alisema. "Asante haisemwi kwa hasira. Rudia."

Ukumbi wa kanisa uliangua kicheko. Selpha alicheka pia, mdomo ameufunika kwa leso, kisha akarudia.

Darasa hilo la mtaa wa Langas lilikuwa la bure. Kila Jumamosi mchana, baada ya maombi na mafundisho ya amani, Wakalenjin walifundishwa salamu na shukrani za Kijaluo, na Wajaluo za Kikalenjin. Wengine walifuata chai. Wanyama, fundi wa mawe, hakuwa wa upande wowote. Alisema anataka tu kujua vile mama za sokoni humsengenya.

Selpha alikuwa na sababu yake. Alitaka kumshukuru mtu.

Wakati wa vita vya uchaguzi, vijana waliopaka nyuso masizi waliingia kwake mchana. Mumewe, Gitau, alikuwa Mkikuyu. Walimburuta nje wakamkatakata mlangoni. Kijana mmoja alipomgeukia Selpha na panga, mwenzake alimshika mkono akasema maneno machache kwa Kikalenjin. Panga likashuka. Wakaenda zao, wakamwacha sakafuni na mtoto akinyonya.

Maneno yale hayakumtoka masikioni. Hakujua maana yake, ila aliyashika yote, hata pale sauti ilipopanda na iliposhuka. Kaka yake wa pekee, Obonyo, alipofika jioni ile, alimtajia. Obonyo alilelewa na mjomba wao huko Moiben, na Kikalenjin alikijua vizuri. Alitazama ukuta.

"Alisema, mwacheni mama huyu, Mungu anamwona."

Tangu siku hiyo Selpha alimwombea mtu huyo kila asubuhi. Majirani walipowalaani wauaji, yeye alikumbuka kwamba miongoni mwao kulikuwa na mmoja mwenye huruma. Hilo ndilo lililomwezesha kuamka, kufua na kumpeleka Marion shule. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine maneno yale. Yalikuwa yake.

Obonyo alihamia kwake, akajenga vyumba vya kupangisha kwenye ploti ya Gitau, akamsomesha Marion. Jambo moja tu hakulipenda.

"Kikalenjin cha nini, dada? Si uingie kozi ile ya kuoka keki upate kazi?"

"Keki nitakula ya mwenzangu," Selpha alimjibu.

Hata hivyo, kila Jumamosi alimleta kwa pikipiki yake.

Siku ya kufunga darasa, kila mwanafunzi alitakiwa asimame na kumshukuru mtu kwa lugha ya jirani. Mzee Nicholas alitaka kumshukuru kwa Kijaluo muuguzi aliyemzalisha bintiye. Akakosea, akamshukuru kwa kumzalisha yeye mwenyewe. Wajaluo walicheka hadi wakapiga meza.

"Pole kwa uchungu, Mzee!" Wanyama alipaza sauti.

Ikafika zamu ya Selpha. Hakuwa amezoea kusimama mbele za watu. Obonyo alikuwa ameingia, akasimama nyuma na helmeti kwapani. Yeye alidhani dada yake atamshukuru mwalimu tu.

Selpha alianza kwa Kiswahili. Alieleza juu ya mlango, panga, na mkono uliolizuia. Vicheko vilikwisha.

"Sitafuti aliyemuua Gitau," alisema. "Namtafuta aliyeniachia uhai. Labda ni mtoto wa mtu hapa ndani. Nitayasema maneno yake vile alivyoyasema. Anayemjua amwambie nimesema *kongoi*."

Safari hii aliitamka vizuri. Mwalimu Jelagat alifuta machozi.

"Sema, Mama Marion. Usiogope."

Selpha alifumba macho. Maneno yakatoka yote, hakuna lililobaki nyuma.

Alingoja amina. Haikuja. Alipofumbua macho, Mzee Nicholas alikuwa amevua kofia, akimtazama Mwalimu. Wakalenjin wote walikuwa wameinamisha vichwa. Wajaluo walitazamana, hawaelewi.

"Nimekosea?" Selpha aliuliza.

Nje, pikipiki iliwashwa kwa fujo, ikaondoka.

"Hujakosea, mama," Mwalimu Jelagat alisema taratibu. "Umesema sawa kabisa."

"Basi tutafsirie, Mwalimu," Wanyama alisema. "Na sisi wengine tuseme amina."

Mwalimu alimwendea Selpha, akamshika mikono yote miwili.

"Alisema, 'Huyu na mtoto msiwaguse. Kaka yake alituambia ni bwana yake tu.'"