Salamu za Nyegere Ugenini

Enzi za wanyama kuhamia nchi za wenzao, Nyegere alipanga chumba kwa Bibi Nyani. Huko alikuta jambo la kumtoa jasho: nyani wakikutana, mmoja humgeuzia mwenzake makalio na kuinua mkia, na mwenzake hujibu vivyo hivyo kwa heshima zote. Nyegere aliona haya, akawa anainamisha kichwa tu.

"Una kiburi wewe!" Bibi Nyani alifoka. "Mwezi mzima hujatusalimu. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho! Usiposalimu leo, fungasha virago."

"Si kiburi, bibi. Kwetu hivyo tunawafanyia nyuki tu, tukitaka asali yao."

"Nyuki na sisi wapi na wapi? Salimu!"

Mara Chui akatokea kichakani. Nyani wote, Bibi akiwa wa kwanza, wakaparamia miti. Nyegere hakuona kitu, alikuwa amefumba macho kwa aibu. Aliposikia nyayo akadhani ni majirani, akageuka, akainua mkia na kusalimu kwa moyo wote.

Chui alivuta pumzi moja tu. Macho yakamtoka, akajigonga kwenye kichuguu, akainuka, akatimua mbio bila kuuliza njia. Huko juu nyani wakaanza kudondoka mmoja mmoja kama mafenesi mabivu.

"Bibi, nimesalimu sawasawa?" Nyegere aliuliza, macho bado kayafumba.

Bibi Nyani alikuwa chali majanini, kaziba pua, machozi yanamtiririka.

"Salamu zimefika, mjukuu wangu," alisema. "Ila kuanzia kesho, sisi ndio tutakaoinamisha vichwa."