Nyumba ya Kobe Haikupigwa X

Kanga ndiye aliyemletea Kobe habari kwamba barabara kubwa inakuja, na nyumba zote mtaani zimepigwa alama ya X ili zibomolewe.

"Poleni, shoga," Kobe alisema. "Yangu waje waibomolee huku huku mgongoni."

"Cheka tu, mwenzetu," Kanga akajibu.

Nyumba zikavunjwa, majirani wakatawanyika. Kobe alisogea kando kidogo, akajiona mjanja.

Jioni alipika mchicha, akajaza bakuli la Kanga kama zamani. Bakuli lile lilikuwa likienda na mboga na kurudi na mtama, halikurudi tupu hata siku moja. Alishapiga hodi ndipo akaona amesimama mbele ya kifusi. Nyumba alikuwa nayo, ila mtaa hakuwa nao tena.

Kesho yake asubuhi alishika njia na nyumba yake, akimuuliza kila aliyempita ni wapi Kanga amehamia.